Naomba ushauri: njia ya kimbunga inaeleweka, nguvu yake je?

Wakuu, kwa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, wastani wa GFS na ECMWF (modeli za kompyuta za utabiri, ya Marekani na ya Ulaya) hutoa njia ya kuridhisha kwa saa 48. Kazi ipo kwenye nguvu. Huku hakuna ndege za kupima kila mara, tunabaki na Dvorak, yaani mbinu ya kukadiria nguvu kwa umbo la mawingu kwenye picha za satelaiti, na jicho dogo likifunikwa na mawingu ya juu makadirio yanashuka kuliko hali halisi.

Masharti ya kimbunga kupata nguvu nayajua: maji ya bahari yawe zaidi ya nyuzi 26 hadi mita 50 chini. Tofauti ya upepo kati ya anga ya chini (hektopaskali 850) na ya juu (hektopaskali 200) isizidi mita 10 kwa sekunde. Sawa. Mbona kimbunga kimoja huongeza kasi ya upepo kwa kilomita 55 kwa saa ndani ya siku moja, kingine kinadorora? Nashuku hewa kavu ya anga ya kati. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilidhoofika kabla ya kufika Mafia. Mnaipimaje hewa hiyo mapema, na picha za satelaiti za maikrowevu, zinazoona chini ya mawingu ya juu, mnazipa uzito gani?