Ikulu ya Nyanza na watoto: twende au tutajuta?

Mama Wawili: Shikamooni wakubwa. Jumamosi tutakuwa Kigali, na baba watoto kashikilia twende kuona ikulu ya wafalme wa zamani wa Rwanda, Nyanza. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4, na huyu mdogo hatulii hata msikitini. Karibu saa mbili za gari, kwenda tu. Nijisumbue?

Shangazi wa Kigoma: Marahaba mwanangu. Nendeni, ila anzeni na msonge wa nyasi, siyo ile nyumba ya kisasa ya mfalme Mutara III Rudahigwa. Mle ni samani na picha, wajukuu wangu walianza kupiga miayo mapema. Kwenye msonge waliinama kuingia, wakanyamaza wenyewe. Nyuma kuna kibanda cha maziwa. Halafu sasa hao ng'ombe, inyambo! Pembe ndefu kumshinda mjukuu wangu, shanga kwenye paji la uso, na mchungaji anawaimbia taratibu. Kuondoka ilibidi mdogo abebwe, analia.

Baba Juma: Kofia na maji. Uwanja ule una jua.

Mama Wawili: Ahsante shangazi. Kama kuna ng'ombe, basi tunaenda. Huyu wangu hata mbuzi wa jirani anawaamkia.