Tupeane uzoefu: visu na mapanga tuliyorithi, mmeyafufuaje?

Binti Makunduchi: Salaam wapendwa. Leo nimefungua sanduku la marehemu bibi nikakuta kisu chake cha samaki kimefungwa kwenye kipande cha kanga, kutu juu mpaka chini, mpini wa mpingo mzima ila ribiti moja inacheza. Ukikiinamisha kwenye mwanga unasoma Solingen. Bibi hakumwachia mtu kisu hiki, hata tukitumwa vitunguu tunapewa kingine. Sitaki kukitundika ukutani, nataka kikate. Nyie vya wazee wenu mlivifanyaje?

Kaka wa Kahama: Siki tu dada. Loweka usiku mzima asubuhi kutu inatoka kwa mswaki.

FundiTupa: Usiku mzima hapana!! Siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Masaa machache, unachungulia, unasugua, unarudisha. Halafu suuza na maji ya magadi ili ile asidi ife, kausha hapo hapo juu ya jiko. Na mpini usiguse siki, mbao ikinywa maji inavimba kisha inapasuka, utalia. Solingen ni mji wa visu Ujerumani, jina lenyewe lilishalindwa kisheria tangu 1938, kwa hiyo hicho kama ni cha kweli ni chuma kizuri, kitunze.

Kaka wa Kahama: Mbona panga la mzee wangu, lile la chapa ya mamba, nililoweka siku mbili na mpaka leo linafyeka

FundiTupa: Panga lina unene. Kisu cha samaki chembamba, usilinganishe.

Mama Wawili: Mie cha mama nilipaka chai ya rangi nzito baada ya kutoa kutu. Kikawa cheusi na kutu haijarudi. Msikitakatishe mpaka king'ae, ule weusi ndio unakilinda.

Kaka wa Kahama: Kisu cheusi mgeni atakula kweli? Mpe kijana mwenye grainda dakika tano kinang'aa.

Mzigua wa Pangani: Kaka usiseme hivyo. Neno grainda limenirudisha mbali. Babu yetu alikuwa mchinjaji wa mtaa mzima, Idi ya kuchinja watu wakitoka kuswali tu wanapanga foleni na mbuzi zao, na kisu chake alikinoa mwenyewe juu ya jiwe na maji, hakijawahi kuona mashine. Alipofariki kikachukuliwa na binamu yangu kwa kuwa ndiye mjukuu wa kwanza wa kiume, hapo pana mengi siyasemi, akakipeleka kwa mchomeleaji mageti. Kimerudi kinameremeta kila mtu anasifia. Mimi naona ukingoni pana rangi ya bluu na zambarau, nauliza hii rangi ya nini, naambiwa wanawake mna maneno. Ikafika Idi. Ng'ombe kalazwa, wanaume wamemkamata, bismillahi, kisu kimepita mara moja na makali yakalala. Yalijikunja kama bati jamani. Ng'ombe anatupa miguu, watoto wanapiga kelele, babu mdogo na uzee wake akaruka akanyakua kisu cha jirani akamaliza yeye. Kisha akakaa pale pale mchangani akalia. Mtume katuhimiza tunoe visu tusimtese mnyama, na babu maisha yake yote aliishi kwa hilo neno. Shangazi hakusema na binamu muda mrefu sana.
Aliyekiokoa ni mhunzi mmoja mzee. Alikitia kwenye makaa, mjukuu wake anavuta mivukuto, kila mara anakigusisha sumaku ya spika mbovu. Sumaku ilipoacha kushika akasema sasa, akakizamisha kwenye mafuta ya uvuguvugu. Akapitisha tupa ikateleza bila kung'ata, akasema hapa kigumu mno kikianguka kinavunjika, akakirudisha kwenye joto dogo mpaka kikapata rangi ya majani makavu. Kimekuwa chembamba kuliko alivyokiacha babu, ila kinachinja.

Mama Wawili: Subhanallah. Babu mdogo kaniliza.

Shemeji wa Nairobi: Wah. Hiyo ya sumaku ni kweli kabisa, hata mafundi wa jua kali pale Kamukunji wakitengeneza panga na springi ya gari wako na sumaku hapo karibu.

Kaka wa Kahama: Sasa ile nyama mliila?

Mzigua wa Pangani: Tuliila. Alimaliza papo hapo bila kuachia, sheikh alikuwepo.

Mja wa Mola: Hapo pana ikhtilafu, tusichukulie wepesi.

Mama Wawili: Ikhtilafu fungueni uzi wenu, hapa tuna kisu cha bibi.

FundiTupa: Ile bluu ni chuma kimefika kama nyuzi 300, ugumu umeondoka. Kunoa kwa mkono hakufiki huko hata siku moja. Dada chukua msasa laini na maji kwa ubavu, makali yake jiwe tu.

Jirani wa Muscat: Mimi nina jambia alilokuja nalo babu kutoka Unguja, ala ya fedha. Sonara kaniambia mpini ni pembe ya faru. Mwenye la namna hiyo asilibebe kwenye ndege, biashara ya pembe za faru kati ya nchi na nchi CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini, imeifunga tangu 1977, unaweza kunyang'anywa urithi uwanjani. Fedha futeni kwa kitambaa laini, ile nakshi ikisuguliwa inafutika.

Shemeji wa Nairobi: Na mafuta gani ya kuhifadhi? Yangu nilipaka ya alizeti ikawa gundi

Mama Wawili: Nazi kwa cha jikoni.

FundiTupa: Ya cherehani kwa panga. Cha jikoni nazi sawa, kiduchu.

Binti Makunduchi: Nimesoma yote. Na mbuzi ya kukunia nazi ya bibi, meno yameisha, yananoleka?

FundiTupa: Yananoleka. Tupa ndogo ya pembetatu, pita kati ya jino na jino, toka ndani kwenda nje.