Nilime mbono au nikusanye mafuta ya kukaangia?

Mwenye swali: Wakuu, salaam. Nina kipande cha ardhi ya kokoto, mahindi hayakubali, na pampu ya maji inayotumia dizeli. Nasikia mbono (jatropha) huota popote na mbegu zake zina mafuta ya injini. Upande mwingine, kuna jiko kubwa linalotupa mafuta ya kukaangia. Nianze na lipi? Na naweza kuyamimina kwenye tangi yalivyo?

Fundi wa injini: Mkuu, chukua ya jikoni. Mbono ulisifiwa sana miaka ya 2000, watu wakafyeka mashamba. Kweli unavumilia ukame, ila kuvumilia si kuzaa: bila maji na mbolea mbegu ni haba, na mashudu yake yana sumu, mifugo hawali. Mafuta ya jikoni hayakunyang'anyi shamba wala chakula.

Usiyamimine yalivyo, nakusihi. Ni mazito kama mara kumi ya dizeli. Nozeli, ile ncha inayopuliza mafuta ndani ya injini, haiwezi kuyapuliza yawe ukungu, yanatoka matone, hayaungui yote. Nimefungua injini za namna hiyo: ncha ya nozeli imevaa gamba jeusi gumu, ringi za pistoni zimenata. Mwaka 1900 injini ya dizeli ilionyeshwa Paris ikitumia mafuta ya karanga, lakini hizi za leo ni nyeti zaidi.

Yachuje, yapashe moto hadi maji yaishe, kisha yachanganye na methanoli (aina ya spiriti) iliyoyeyushiwa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), kwenye nyuzi 55 hivi. Yakitulia usiku kucha, gliserini nyeusi inakaa chini. Ya juu ndiyo dizeli yako, ioshe kwa maji na uikaushe.

Mwalimu wa kemia: Naongezea kwa msisitizo: methanoli inapofusha na kuua, hata kwa mvuke, na moto wake mchana karibu hauonekani. Fanyia nje, mbali na jiko. Pia pima asidi kwanza. Mafuta yaliyokaangiwa mno yanakula kostiki na kukuachia sabuni tele.

Mwenye swali: Asanteni sana. Nitajuaje kama imeiva?

Fundi wa injini: Chukua mililita 3 za dizeli yako, tia kwenye mililita 27 za methanoli, tikisa, acha kidogo. Ikiyeyuka yote ukaona ng'avu, imeiva. Tone la mafuta likizama chini, haijaiva: ichanganye upya ukiiongezea methanoli na kostiki.