Mjadala: Tenari ndani ya tenari, zipigwe marufuku katika msimbo wa timu?

Mwanzilishi (Lubumbashi)

Wandugu, katika timu yetu kuna pendekezo mezani: msimbo wowote wenye tenari ndani ya tenari urudishwe kwa aliyeuandika, hata kabla ya kusomwa. Tenari ni ule mtindo wa `sharti ? a : b`: sharti likiwa kweli unapata a, la sivyo b. ESLint, chombo kinachokagua msimbo wa JavaScript chenyewe, ina kanuni ya kazi hiyo, no-nested-ternary, kwa hiyo kuitekeleza ni rahisi. Mimi napinga. Naomba tujadiliane kwa mifano, maana tumezoea kusema tu "hii safi, hii chafu" na kila mtu anarudi kwake na msimamo wake.

Hii ni ada ya kupeleka mzigo Likasi, kwa franga:

```
const ada = uzito <= 5 ? 3000
          : uzito <= 20 ? 8000
          : 15000;
```

Isome ukishuka. Kinachoulizwa ni kimoja, uzito. Kinachotoka ni kimoja, ada. Mgeni wa wiki ya kwanza anaielewa. Sasa tazama hii:

```
const ada = mteja.wakala ? mzigo.dhaifu ? uzito > 20 ? 12000 : 9000 : 7000 : 15000;
```

Ile 7000 ni ya nani? Ni ya wakala mwenye mzigo usio dhaifu, lakini kuijua lazima uhesabu alama za kuuliza kwa kidole, kisha urudi kinyumenyume kwenye nukta mbili. Maswali matatu yamebanwa mstari mmoja, na kila swali limeingia tumboni mwa lingine. Hii ndiyo nataka ikataliwe.

Sheria yangu basi: tenari mpya ije upande wa nukta mbili tu, kamwe isikae katikati, masharti yote yapime kitu kimoja, na tawi, yaani kila upande wa chaguo, litoe thamani tu, lisiite kazi (function) inayoandika kwenye hifadhidata.

Kutoka Ruashi

Mukubwa, mfano wako wa kwanza ni mzuri kwa JavaScript. Ulete kwenye PHP ya zamani, lugha ya tovuti ambayo wengi wetu bado tunaitunza. JavaScript, kama C na Java, inaunganisha tenari kuanzia kulia. PHP iliunganisha kuanzia kushoto, na hiyo ngazi yako ya masharti ikasomwa hivi:

```
($uzito <= 5 ? 3000 : $uzito <= 20) ? 8000 : 15000
```

Chukua mzigo wa kilo 3. Mabano yanatoa 3000. Kwa PHP, namba isiyo sifuri ni kweli, basi anatozwa 8000. Mzigo wa kilo 10 unatoka 8000, wa kilo 30 unatoka 15000, yote sawasawa. Anayeumia ni yule mama mwenye kifurushi kidogo, na ukijaribu programu kwa mizigo mikubwa hutaona chochote. PHP 7.4 ya 2019 ilianza kuonya, PHP 8.0 ya 2020 inagoma kabisa mpaka uweke mabano. Ikiwa wenye lugha wenyewe wamekataa, sisi tunangoja nini? Na 8.0 hiyo hiyo ilileta `match`, njia nyingine ya kuchagua thamani: kama hakuna sharti lililotimia wala `default` (jibu la akiba), inatoa kosa papo hapo.

Kutoka Goma

Ndugu wa Ruashi, dosari ya PHP usitubebeshe wote. Mimi ni wa React, maktaba ya JavaScript ya kujenga skrini, na JSX ndiyo namna yake ya kuandika kinachochorwa. Ndani ya mabano {} ya JSX kinapokelewa kile tu chenye kutoa thamani, na `if` ya JavaScript haitoi. Skrini yangu ina hali tatu: data inapakiwa, imeshindikana, imefika. Kwa intaneti yetu, mtumiaji anazijua sana zile mbili za kwanza. Ngazi ya tenari inazipanga mahali pamoja, juu hadi chini.

Tena kuna jambo mnaliruka. Tenari haikubali usahau. Ukiacha upande wa nukta mbili, programu haianzi. Lakini andika `let ada;` halafu `if` mbili tatu, usahau `else` ya mwisho: kigeu kinabaki undefined, yaani bila thamani, na kinatembea mpaka kwenye risiti ya mteja. Hata Prettier, chombo cha kupanga mwonekano wa msimbo, katika toleo 3.1 la 2023, ilirudisha mpangilio wa kusogeza tenari za ndani ili zisomeke. Mtu hapambi kitu anachotaka kife.

Kutoka Bukavu

Mimi niko na marufuku, na sababu yangu ni majaribio. Chombo kinachohesabu mistari iliyopitiwa kitakuambia mstari wa tenari umepitiwa, hata kama tawi moja kati ya manne ndilo lililowahi kufanya kazi. Unaona kijani, unalala. Kwa `if`, kila tawi lina mstari wake, na ambao haujaguswa unaonekana kwa macho.

Lugha ya Go haina tenari, na waliotengeneza Go wameeleza kwamba waliiona ikitumika mno kuunda semi zisizoelezeka. Na vijana tunaowafundisha huku wanasoma vitabu vya Kifaransa na Kiingereza, lugha ya pili na ya tatu kwao. Tusiwaongezee mzigo mwingine kwa ajili ya kuokoa mistari minne.

Kutoka Katuba

Mnagombania alama, wakati tatizo ni bei kukaa ndani ya msimbo. Mafuta yakipanda, bosi anabadilisha ada siku hiyo hiyo. Weka jedwali: kikomo 5, ada 3000, kikomo 20, ada 8000, mwisho 15000. Msimbo utafute safu ya kwanza ambayo uzito hauzidi kikomo chake. Hakuna tenari, hakuna `if`, na mhasibu anabadilisha mwenyewe.

Mwanzilishi

Katuba, kwa bei umenishinda, jedwali liwe. Lakini hali tatu za skrini ya ndugu wa Goma si bei, hakuna mhasibu atakayezibadilisha, na jedwali hapo ni kujichosha. Ruashi, kwa PHP nakubali `match` pekee. Bukavu, hoja ya majaribio ni nzito, ila dawa yake ni kupima matawi badala ya mistari; vyombo vingi vinaweza, tumeviacha tu vimezimwa. Je, tukiwasha kipimo hicho, bado unataka marufuku?

Kutoka Bukavu

Bado. Kanuni yako ya "masharti yapime kitu kimoja" inahitaji mtu wa kuiamua kila mara, na sisi tuna mkaguzi mmoja anayesoma msimbo usiku, kurant (umeme) ikirudi. ESLint haichoki. Kwa JSX nakubali mlango mmoja: ngazi ihamishwe kwenye kazi yenye jina lake, kila hali na `return` yake. Goma, hiyo inakunyima nini?

Kutoka Goma

Inaninyima kuona hali zote tatu kando ya kile zinachochora. Nikizihamisha, nasoma faili nikipanda na kushuka. Kazi yenye jina nitaikubali hali zikifika nne. Kwa tatu, hapana.