Brüno na The Birdcage: vichekesho vya mashoga vinavunja chuki au vinaikoleza?

MwenyeProjekta
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha watu kama 20 huangalia filamu moja kila mwezi na kuichambua. Mwezi ujao tunaweka mbili pamoja: The Birdcage (1996) na Brüno (2009). Zote zinachekesha kupitia mwanamume anayependa wanaume, mwenye madaha na mavazi ya kumeremeta. Nusu ya wenzangu wanasema filamu hizi zinamuumbua mwenye chuki, nusu wanasema zinampa maneno mapya ya kutukania. Naomba namna ya kuzichambua tukio kwa tukio, tusije tukakesha kwenye "mimi naona".

Mkasi_na_Gundi
Mkuu, chora karatasi yenye safu nne: dakika, nani kaanzisha mzaha, kicheko kinamwangukia nani, na kamera inabaki kwa nani baada ya kicheko. Safu ya nne watu huiruka, na jibu mara nyingi limelala humo.

Anzeni na tukio la mgahawani kwenye The Birdcage. Armand (Robin Williams) anamfundisha mpenzi wake Albert (Nathan Lane) kujifanya dume, kwa kuwa baba wa mchumba wa kijana wao, seneta mhafidhina, anakuja kula nao. Albert anaupaka mkate, mkate unavunjika, anataharuki. Kisha anaambiwa atembee kama John Wayne. Anainuka, anajiweka sawa, anatembea. Armand anamtazama na kugundua kwamba hakuna kosa: kumbe John Wayne mwenyewe alitembea hivyo hivyo! Kicheko kilikuwa kinamwendea Albert, kikageuka njiani na kumwangukia shujaa wa filamu za kauboi. Kamera inabaki kwa wawili waliozoeana miaka mingi. Hapo tunacheka nao, hatuwacheki.

Brüno ni mtego. Mwigizaji Sacha Baron Cohen, akijifanya Brüno, anawaingiza watu halisi ndani ya uigizaji bila wao kujua, kwa hiyo kila mara ulizeni mtego umetegwaje. Mwanasiasa Ron Paul anaitwa hotelini kwa mahojiano, anajikuta chumba cha kulala, Brüno anavua suruali. Paul anaondoka kwa hasira huku akitoa neno la kashfa. Mtego huo haupimi chuki. Hata angekuwa mwanamke anayevua, mgeni mwenye heshima zake angeondoka. Lile neno peke yake ndilo ushahidi.

Linganisheni na pambano la ulingoni kule Arkansas, Marekani. Watazamaji wamekuja kwa ajili ya ngumi. Wanaume wawili wanaopigana wanaanza kubusiana, na viti na bia vinaruka. Kipigo kiliwafurahisha, busu likawatia wazimu, na kamera inazunguka kwenye nyuso zao. Kwangu hilo ndilo tukio bora la filamu nzima. Shida ni kwamba kabla ya kulifikia, mtazamaji amekwisha kucheka muda mrefu mwili wa Brüno na mambo yake ya chumbani, na hakuna aliyemwambia aache.

BintiWaMaktaba
Naongezea upande wa utafiti. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichunguza watazamaji wa All in the Family, tamthilia ya Marekani iliyomkejeli baba mbaguzi, Archie Bunker. Watazamaji wenye ubaguzi mwingi ndio waliomwona Archie kama mtu wao. Kejeli ilifika, ila kila mmoja aliipokea kwa mlango wake.

Thomas Ford na Mark Ferguson, 2004, wanaeleza kwa njia nyingine: mzaha wa kudhalilisha haumpandikizii mtu chuki ambayo hakuwa nayo. Unamlegezea breki aliye nayo tayari, anaona hapa ni ruhusa. Kwa hiyo swali "inaongeza chuki?" ni pana mno. Ulizeni inamruhusu nani kusema nini akishatoka ukumbini.

Upande wa pili, Edward Schiappa na wenzake (2006) waliwachunguza wanafunzi waliokuwa wakitazama tamthilia ya vichekesho yenye mhusika mkuu shoga, Will & Grace. Waliotazama zaidi walikuwa na chuki kidogo, hasa wale waliokutana na mashoga kwa nadra zaidi maishani mwao. Hiyo ni kuambatana tu, haithibitishi sababu. Na pia ni tamthilia ya miaka, inayomzoesha mtu mhusika. Filamu ya dakika 80 haina nafasi hiyo.

Mkasi_na_Gundi
Kweli kabisa. Tumieni pia kipimo cha Vito Russo, kilichotangazwa mwaka 2013 na GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia mashoga wanavyoonyeshwa kwenye vyombo vya habari: mhusika atambulike, asiwe na sifa ya ushoga peke yake, na ukimwondoa hadithi ivunjike. Albert anapita. Ila mwangalieni Agador, mtumishi kutoka Guatemala: lafudhi, viatu vinavyomshinda, kaptura. Filamu iliyomlinda Albert ikamtupia yeye kicheko cha bei rahisi. Hilo linaniuma kila nikiitazama.

Mtafsiri_wa_Pwani
Mmesahau sauti. Mkiionyesha kwa mtindo wa Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Nairobi, wanaotafsiri filamu kwa kusimulia juu ya sauti yake, msimulizi ndiye anayeamua nani achekwe. Akibana pua kila Albert akifungua mdomo, lile tukio la John Wayne limekufa. Wekeni maandishi chini ya picha, na mkubaliane neno mapema. "Shoga" kwa wanawake wa pwani ni rafiki, kwa wengine ni tusi, kwa baadhi ya wanaume wanaopenda wanaume wenyewe ni jina tu. "Msenge" liandikeni pale tu mhusika anapotukana kweli. Mkilitandaza kila mahali, mmemtungia mtunzi chuki ambayo hakuandika.

Pia kumbukeni Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018. Hiyo si ya kuchekesha, ni ya wasichana wawili wanaopendana Nairobi. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa madai ya kuhamasisha usagaji, na Septemba mwaka huo mahakama ikaifungulia siku 7 tu. Wanaume waliovaa madera wakikata viuno kwenye runinga zetu mara nyingi huachwa wachekeshe tu. Anayechekwa anapita, anayependwa anazuiwa. Wekeni hilo mezani kabla ya kuwasha projekta.