Mbunge leo, jaji wa katiba kesho: Wajerumani wamepatia hapa?

Wakuu, hili linanikera. Stephan Harbarth, mzaliwa wa Heidelberg, alikuwa wakili Mannheim, akaingia bungeni 2009 kwa tiketi ya CDU, chama cha Merkel, Kansela (mkuu wa serikali) wa wakati ule. Novemba 2018 bado ni mbunge, tena naibu kiongozi wa kundi lao bungeni. Mwezi huohuo wabunge wenzake wakamchagua awe jaji wa Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe. Kufika Juni 2020 ni rais wa mahakama nzima.

Yaani mtu anatoka kupitisha sheria, anavaa joho jekundu, anakaa kuzipima sheria za haohao aliowaacha. Mimi napinga. Angekaa nje ya siasa walau miaka mitano kwanza.

— Mkuu, umeruka penyewe. Jaji hapiti bila theluthi mbili ya kura, kwa hiyo CDU peke yao wasingeweza kumpitisha. Akishaingia ni miaka 12, hachaguliwi tena. Sasa ajipendekeze kwa nani? Machi 2021 jopo lake la majaji wanane lilisema sheria ya tabianchi ya 2019, ya serikali ya Merkel huyohuyo, ina kasoro ya kikatiba: haikusema hewa chafu itapunguzwaje baada ya 2030, mzigo mkubwa wakaachiwa vijana. Serikali ikahaha kurekebisha, lengo la 2050 likasogezwa hadi 2045. Kada gani huyo?

Hukumu ile naipigia saluti. Lakini mbona hugusi ule mlo? Juni 30, 2021, majaji wanakula chakula cha jioni na mawaziri ofisini kwa Merkel, na kesi za masharti ya korona bado hawajaziamua. Harbarth akaombwa ajitoe kwenye kesi hizo, ombi likatupwa. Novemba mahakama ikabariki amri ya kutotoka nje usiku na shule kufungwa.

— Milo hiyo ni desturi ya miaka mingi, hakuianzisha yeye. Halafu jaji mwenzake Susanne Baer, profesa ambaye hakutoka bungeni, naye aliombwa ajitoe kwa mlo huohuo. Basi tatizo ni meza, ubunge umeusingizia.

Haya, meza nayo tuiondoe, sina ugomvi. Ila kwa Baer, mwenyeji wa jioni ile alikuwa Kansela. Kwa Harbarth alikuwa mwenyekiti wake wa chama mpaka siku anaondoka bungeni.