Harufu ya mkojo wa paka kwenye zulia haitoki, msaada wa haraka wakuu

Tulizana:
Habari za muda huu wakuu. Nakuja na shida ambayo wengine mtaiona ndogo, ila mimi usingizi umekata. Kuna paka amekojoa kwenye zulia la sebuleni, pembeni ya kochi. Nimefuta, nimepuliza manukato, nimefungua madirisha. Jua likiwaka husikii kitu. Hewa ikipata unyevu tu, harufu inarudi kama vile amekojoa sasa hivi. Doa nalo limegeuka njano. Naomba njia ya haraka, kuna mtu anarudi wikiendi. Matusi sitaki, ushauri tu.

Jongoo Mwekundu:
Gawa paka, baki na zulia. Uzi ufungwe.

Mama Pacha:
Pole mdogo wangu. Chukua siki nyeupe, changanya na maji nusu kwa nusu, lowesha hapo, acha kidogo, halafu kandamiza na taulo kavu mpaka linyonye. Usisugue! Ukisugua unausukuma mkojo chini. Pakikauka nyunyiza baikaboneti ya soda, ilale usiku kucha, asubuhi fyonza na mashine. Na nisikilize vizuri, baikaboneti siyo magadi. Mimi wangu wawili walikuwa wanakojoa kwa zamu, mmoja akiacha mwenzake anaanza, godoro halikuwahi kukauka. Baba yao alihamia sebuleni akisema anaangalia mpira. Mpira gani saa tisa usiku? Ila hayo tuyaache.

Tulizana:
Asante mama. Siki inatoa na njano?

Bweha wa Usiku:
Mnyama mahali pake ni nje. Mmewazoesha kulala kwenye makochi, sasa mnakuja kulia huku.

Fundi Brashi:
Kusafisha mazulia ndiyo kazi yangu. Mkojo una vitu vingi na kila kimoja kina dawa yake. Yurea na chumvi zinatoka na maji. Kazi ipo kwenye asidi ya yuriki, hiyo inaganda kuwa chembechembe ambazo maji hayaziyeyushi. Zikikauka zinatulia, zikipata unyevu zinaamka, ndiyo maana unasikia harufu hewa ikiwa nzito. Siki inapunguza amonia tu, haitoi chembe hizo. Kinachozivunja ni dawa ya vimeng'enya, ile ya mikojo ya wanyama. Iloweshe zulia mpaka ifike mkojo ulikofika, maana doa la juu likiwa kiganja, kwenye sponji ya chini limeshatambaa mara mbili yake. Usiipanguse haraka, vimeng'enya vinafanya kazi vikiwa vibichi. Na mashine ya mvuke usiiguse, joto linagandisha doa kwenye nyuzi.

Sasa nijibu mambo mawili. Zulia ni la nyuzi gani? Na kabla ya kuja hapa uliweka nini?

Tulizana:
Zulia la kawaida tu mkuu. Niliweka sabuni.

Fundi Brashi:
Sabuni haifanyi doa liwe njano. Nauliza tena.

Mchuzi wa Jana:
Mimi yule wangu alikuwa anakojolea viatu vya mgeni mmoja tu, kila akija. Baadaye tukagundua yule mgeni alikuwa anatuibia. Paka wana maono.

Tulizana:
Fundi, usinibane kama polisi. Ni sufu, limefumwa kwa mkono. Na niliweka klorini kidogo, ile ya nguo nyeupe, kwa sababu kila mtu anajua klorini inaua harufu. Ilinichoma macho nikatoka nje kukohoa, nikajua dawa inafanya kazi. Harufu kweli ilipungua siku ile.

Fundi Brashi:
Dawa ilikuwa inakufanyia kazi wewe. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi ya kloramini, na hiyo inaunguza mapafu. Usirudie, hasa madirisha yakiwa yamefungwa. Na hiyo njano siyo mkojo ndugu yangu. Sufu ni nywele za kondoo, ni protini, klorini inaila. Inaanza kuwa njano, halafu inakuwa ngumu, mwisho inakatika ukiigusa. Hakuna wa kuirudisha hapo. Harufu tunaweza kupambana nayo, rangi imekwenda.

Mama Pacha:
Sufu ya mkono! Na ulisema zulia la kawaida. Mdogo wangu, hilo zulia ni la nani?

Tulizana:
La dada yangu mkubwa. Amesafiri, aliniachia nyumba niangalie. Lakini nimeshajipanga. Kesho anakuja fundi wa kochi, atakata kipande kile chenye doa, atachukua kingine upande ulioko chini ya kabati ashonee hapo. Kisha nasogeza kochi juu yake. Nilitaka tu kujua harufu, haya mengine nimeshayamaliza.

Jongoo Mwekundu:
Anakata zulia la dada yake ili dada asijue zulia lina doa. Huyu apewe wizara.

Shangazi wa Mtandao:
Mwambie dada ukweli. Ndugu wakubwa hawasahau ulichoficha, wanasahau ulichovunja. Mimi nilimficha kaka yangu redio iliyoungua, mpaka leo akinialika kwake anafungia vitu kabatini.

Tulizana:
Shangazi, humjui dada yangu.

Bweha wa Usiku:
Ngojeni kwanza. Someni uzi tangu juu. "Kuna paka amekojoa." Kuna paka gani? Wa nani? Zulia lilikuwa la kawaida, likawa sufu, likawa la dada. Sabuni ikawa klorini. Kesho tutaambiwa dada ni malkia. Hii ni chai, tena imewekwa sukari na tangawizi.

Mchuzi wa Jana:
Nakazia. Mkojo pembeni ya kochi, doa kubwa, mwenye nyumba kasafiri. Mkuu, wikiendi iliyopita ulirudi nyumbani saa ngapi, na katika hali gani?

Jongoo Mwekundu:
Hahaha! Paka mwenyewe amevaa suruali.

Mama Pacha:
Acheni utoto. Ila tochi ya urujuanimno ingemaliza ubishi. Zima taa, mulika, mkojo unang'aa.

Fundi Brashi:
Unang'aa, na mabaki ya sabuni nayo yanang'aa, kwa hiyo isiwe ushahidi wa mahakamani. Ila inasaidia kujua mipaka ya doa. Na haitakwambia ni mkojo wa nani.

Tulizana:
Mmenichosha. Paka yupo, ni wangu, nilihama naye. Dada alishasema hataki mnyama ndani, ndiyo maana sikuanza na hayo. Mnataka ushahidi? Toka asubuhi yuko kwenye boksi lake la mchanga, anaingia anachuchumaa, analia, anatoka, anarudi. Hatoi kitu. Afadhali, leo zulia limepumzika.

Kwato na Kucha:
Nilikuwa nasoma kimya, mimi ni daktari wa mifugo. Tulizana, paka ni dume?

Tulizana:
Dume. Kwa nini?

Kwato na Kucha:
Achana na zulia, mpeleke kliniki sasa hivi. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo huenda njia imeziba. Mrija wake ni mwembamba, chembe au ute kidogo tu unatosha. Kibofu kinajaa, figo zinashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama. Siku moja, mbili, amekufa. Na huenda hata kule kukojoa kwenye zulia ilikuwa dalili. Paka akiumia akiwa bokisini analichukia boksi, anatafuta pengine palipo laini.

Tulizana:
Lakini asubuhi alikunywa maji vizuri. Nilipanga kumpeleka baada ya fundi wa kochi kumaliza, maana yule nikimkosa kesho simpati tena.

Kwato na Kucha:
Maji aliyokunywa yanaingia na hayatoki. Usimkandamize tumbo, usimpe dawa ya binadamu. Mweke kwenye kikapu, toka.

Shangazi wa Mtandao:
Toka huko kwenye simu!

Bweha wa Usiku:
Chai ina sehemu ya pili naona. Mleta mada tupia picha ya paka akiwa kliniki.

Mama Pacha:
Bweha, kama ni chai tutakuwa tumepoteza dakika. Kama si chai?

Bweha wa Usiku:
Basi picha ya kikapu tu.

Fundi Brashi:
Nami nasubiri pia. Ukirudi, mwambie huyo wa kochi asikate, kwanza umshirikishe dada. Suuza klorini yote kwa maji baridi, kidogo kidogo, unyonye na taulo, vinginevyo itaua vimeng'enya kabla havijaanza. Jaribu dawa pembeni uone kama rangi inatoka. Na soma kibandiko, tafuta iliyoandikwa inafaa sufu, kwa sababu baadhi ya vimeng'enya vinavunja protini na nimeshakwambia sufu ni nini. Inua zulia likauke pande zote mbili. Njano apelekewe mfumaji, wapo wanaofuma upya kipande bila kukata.

Tulizana:
Nimerudi. Daktari amempitishia mrija, mkojo umetoka na damu, amelazwa. Picha sipigi, Bweha ufe na hamu yako. Fundi wa kochi nimemwambia asubiri, sijamwambia asije. Dada nitamwambia habari za paka, za zulia bado natafuta maneno.

Mama Pacha:
Afadhali. Na harufu?

Tulizana:
Ipo. Dawa ya vimeng'enya nimeagiza, ya sufu. Kochi nimeshalisogeza hapo juu kwa sasa. Linaziba mlango nusu, ila ukipita kiubavu unapita.

Fundi Brashi:
Litoe. Chini ya kochi hapakauki.